Jenerali China: Keya wa Burma aliyerudi nyumbani akaitwa mhalifu

Wasikilizaji wetu wengi mnapenda riwaya za kusisimua. Mmesoma au mmesimuliwa visa vya Willy Gamba, mpelelezi aliyebuniwa na Elvis Musiba, na vya Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Katika riwaya za aina hiyo, za kwetu na za nchi za nje, kuna mtu mmoja anayejirudia: askari aliyetoka vitani. Usingizi hauji, kazi hapati, na ujuzi alionao ni wa bunduki tu. Siku moja mtu anamwita pembeni, na kabla hajajua vizuri ameingia kwenye nini, tayari anatafutwa na polisi.

Leo hatuelezi riwaya. Tunaeleza maisha ya mtu wa kweli aliyepita njia inayofanana na hiyo, kwa jirani zetu Kenya. Jina lake ni Waruhiu Itote, lakini wengi walimjua kwa jina la Jenerali China. Alipigana vitani kwa ajili ya Uingereza, akarudi nyumbani, na miaka kama kumi baadaye mahakama ya serikali ileile aliyoipigania ikamhukumu kunyongwa.

Ukija Dar es Salaam kuwatembelea ndugu zako wa Segerea, Kinondoni au Temeke, wakikupeleka mjini Posta utaiona Sanamu ya Askari. Ilisimamishwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sanamu ile ni ya waliokufa. Kisa chetu cha leo ni cha aliyerudi akiwa hai.

Kijana wa Nyeri

Waruhiu Itote alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Kaheti, wilaya ya Nyeri, katikati ya Kenya. Ni nchi ya milima, yenye mvua na udongo mzuri. Lakini wakati anazaliwa, sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya nyanda za juu za Kenya ilikuwa imeshatengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Wakikuyu waliobanwa kwenye maeneo yao walianza kukosa mashamba ya kuwagawia watoto wao.

Mwaka 1939 kijana huyu aliondoka nyumbani kwenda Nairobi kutafuta maisha, kama vijana wetu wanavyokuja Dar es Salaam leo. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na ubaguzi wa wazi. Mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, yaani kitambulisho cha kazi chenye alama za vidole, na askari angeweza kumsimamisha popote amwonyeshe. Mwafrika hakuruhusiwa kuingia hoteli za Wazungu. Biashara nyingi zilihitaji leseni ambazo hakuzipata kwa urahisi. Itote alihangaika na biashara ndogondogo, lakini hakufika mbali.

Mwaka huohuo Vita vya Pili vya Dunia vilianza. Serikali ya kikoloni ilihitaji watu. Mwanzoni mwa 1942 Itote alijiunga na jeshi la King's African Rifles, lile ambalo kwa kifupi liliitwa KAR, na wazee wetu wakaliita keya.

Keya huko Burma

Katika keya hakuwa peke yake. Makumi ya maelfu ya vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, waliingia jeshini. Wengine walienda kwa hiari kwa sababu ya mshahara. Wengine walichukuliwa kwa nguvu kupitia machifu. Ndani ya kambi, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Mwaka 1943 Itote alipelekwa Ceylon, kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, na baadaye Burma, nchi ambayo sasa inaitwa Myanmar. Huko Wajapani walikuwa wamewafukuza Waingereza, na Waingereza walitaka kurudi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipewa kazi ya kusonga mbele kupitia bonde la Kabaw. Ilikuwa nusu ya pili ya mwaka 1944, majira ya mvua kubwa. Barabara ziligeuka tope, na malaria ilikuwa nyingi kiasi kwamba wanajeshi waliliita bonde hilo bonde la mauti. Desemba 1944 mji wa Kalewa ulitekwa, na njia ya kuvuka mto Chindwin ikafunguka. Itote alikuwa miongoni mwa waliopigana upande huo.

Vita vile vilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni kazi ya msituni: kutembea kimya, kuvizia, kuishi kwa chakula kidogo, kupanga walinzi, kutoa amri na kutii amri. La pili lilimwingia polepole. Kwenye mahandaki aliwaona Wazungu wakiogopa, wakilia na wakifa kama watu wengine wote. Ule ukubwa waliokuwa nao Nairobi haukuonekana pale risasi zilipokuwa zinalia.

Miaka mingi baadaye Itote aliandika katika kitabu chake kuhusu watu waliomfungua macho akiwa vitani. Mmoja alikuwa mwanajeshi Mwingereza, aliyeshangaa kwa nini Mwafrika anakubali kufa akiutetea utawala wa wengine wakati yeye mwenyewe kwao si mtu huru. Mwingine alikuwa mwanajeshi Mmarekani mweusi aliyekutana naye mjini Calcutta, India, akamweleza hali ya watu weusi Marekani na kumtaka afikiri atarudi kwenye nini baada ya vita. Itote anakiri kwamba mwanzoni hakuwa na jibu. Kabla ya hapo hakuwa amewahi kujiuliza.

Kurudi mikono mitupu

Vita vilipoisha mwaka 1945, wanajeshi walirudishwa makwao. Wanajeshi Wazungu waliotaka kuishi Kenya walipangiwa mpango wa kupewa mashamba katika nyanda za juu. Keya Mwafrika hakupewa shamba. Alirudishiwa kipande chake, akaambiwa arudi kijijini au atafute kazi.

Fikiria hali hiyo, msikilizaji. Mtu amevuka bahari, amebeba silaha, ameaminiwa kulinda maisha ya wenzake, Wazungu wakiwemo. Anarudi Nairobi, na askari wa mtaani anamsimamisha aonyeshe kitambulisho. Wakati huohuo anasikia kwamba India imepata uhuru mwaka 1947, na Burma, nchi ileile aliyopigania, imepata uhuru Januari 1948. Yeye kwao bado ni mtu wa kuamrishwa.

Itote alijaribu biashara ya mkaa. Baadaye aliajiriwa na shirika la reli, kazi ya kuchochea moto kwenye injini ya treni. Alijiunga na chama cha siasa cha Kenya African Union, KAU, na akajiingiza katika vyama vya wafanyakazi. Chama hicho kilikuwa kinaandika barua na kupeleka maombi serikalini. Majibu yalikuwa machache, na vijana wakaanza kuchoka kusubiri.

Hapo ndipo lilipotokea kundi lililoitwa Anake a Forty, yaani vijana wa arobaini, jina lililotokana na rika la vijana waliotahiriwa karibu na mwaka 1940. Wengi wao walikuwa wametoka jeshini, hawana kazi, wanaishi mitaa ya Waafrika ya mashariki mwa Nairobi. Kundi hilo lilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja lilipinga sera za serikali, mjini na vijijini. Kwa upande mwingine, baadhi ya wanachama wake waliishi kwa wizi, vitisho na kutoza watu fedha kwa nguvu. Mstari kati ya siasa na ujambazi haukuwa unaonekana vizuri. Itote alijiunga na kundi hilo.

Mwaka 1950 alikula kiapo cha siri cha kupigania ardhi na uhuru. Harakati hizo ndizo zilizokuja kujulikana kwa jina la Mau Mau. Watu waliozipanga mjini walihitaji watu wa aina mbili: wanaojua kupata bunduki na risasi kwa njia za magendo, na wanaojua kuzitumia. Wa kwanza walitoka mitaani. Wa pili walitoka Burma.

Jenerali msituni

Mwaka 1952 Itote aliingia msitu wa Mlima Kenya. Tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ilitangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa usiku huohuo. Upande wa pili, katika msitu wa Nyandarua, waliongoza Dedan Kimathi na Stanley Mathenge, ambaye naye alikuwa askari wa Burma.

Msituni kila kiongozi alichukua jina la kubuni, ili jina lake la kweli lisijulikane na familia yake isiadhibiwe. Itote akawa Jenerali China. Mmoja wa wenzake wakuu katika Mlima Kenya aliitwa Jenerali Tanganyika. Ndiyo, jina la nchi yetu lilitembea katika msitu ule.

China alileta utaratibu wa keya. Aligawa watu katika vikosi, akaweka vyeo, walinzi, kumbukumbu za maandishi na sheria. Wapiganaji walikuwa maelfu, bunduki za kweli zilikuwa chache. Mafundi walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango. Chakula, dawa na habari zililetwa na wanakijiji, hasa wanawake na wasichana, ambao nao walikamatwa na kuteswa kwa kazi hiyo.

Hatutaki kuipamba vita ile. Ilikuwa pia vita ya ndugu kwa ndugu. Serikali iliunda kikosi cha walinzi wa vijijini kutoka miongoni mwa Wakikuyu wenyewe, na Mau Mau iliwaua machifu, walinzi hao na watu waliokataa kiapo. Kwa hesabu za serikali, raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliuawa na Mau Mau, wakati walowezi Wazungu waliouawa walikuwa 32. Upande wa wapiganaji, serikali yenyewe ilihesabu waliouawa kuwa zaidi ya 11,000. China alikuwa kamanda, na sehemu ya damu hiyo ilikuwa mikononi mwa watu wake.

Kukamatwa na kuhukumiwa

Tarehe 15 Januari 1954, karibu na Karatina, China alijeruhiwa shingoni kwa risasi na akaishia mikononi mwa serikali. Aliyemhoji alikuwa afisa wa upelelezi Ian Henderson, mzungumzaji mzuri wa Kikuyu. Mahojiano yalichukua saa nyingi kwa siku kadhaa. China alieleza mengi kuhusu jinsi wapiganaji walivyojipanga.

Mwanzoni mwa Februari alipelekwa mahakamani Nyeri. Mashtaka hayakuwa ya mauaji. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na risasi au kushirikiana na watu wenye silaha kulitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Katika miaka ile serikali iliwanyonga watu zaidi ya 1,000. China naye alihukumiwa kufa.

Hapa ndipo maisha yake yalipochukua njia ambayo watu wanabishania mpaka leo. Serikali iliona anaweza kuwa na faida zaidi akiwa hai. Adhabu ya kifo ilifutwa na kuwa kifungo cha maisha, naye akakubali kuwaandikia barua viongozi wa msituni ili wazungumze na serikali. Mwisho wa Machi 1954 Jenerali Tanganyika na wenzake walitoka kukutana na maafisa, kisha wakaruhusiwa kurudi msituni kuwashawishi wengine. Kwa siku chache ilionekana kama vita vingeisha. Lakini mwanzoni mwa Aprili askari wa serikali walipambana na wapiganaji waliokuwa wamekusanyika, watu wakauawa, na waliobaki wakarudi msituni wakiamini wamedanganywa. Wiki mbili hivi baadaye serikali ilifanya msako mkubwa Nairobi na kuwaweka kizuizini maelfu ya watu.

Kwa wengine, China ni msaliti aliyeuza siri ili aokoe shingo yake. Kwa wengine, ni kamanda aliyeona watu wake wanakufa kwa njaa na risasi, akajaribu kuwatoa wakiwa hai. Sisi hatuwezi kuamua kesi hiyo. Tunachoweza kusema ni kwamba alikuwa na kitanzi mbele yake na jeraha shingoni, na kwamba tangu hapo aliishi na maswali ya wenzake mpaka mwisho.

Shule ya Lokitaung

Alipelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Kenya, katika nchi kavu ya Waturkana. Huko walifungwa pia Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Jua lilikuwa kali na kazi zilikuwa ngumu. Lakini Kenyatta alimfundisha kusoma na kuandika Kiingereza. Keya ambaye jeshi lilimfundisha kupiga bunduki alipata shule yake akiwa gerezani, kutoka kwa mfungwa mwenzake.

Aliachiwa mwaka 1962. Dedan Kimathi alikuwa ameshanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na Kenyatta akawa kiongozi wake. Baadhi ya wapiganaji walikuwa bado msituni, na China alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuwashawishi watoke.

Kutoka jenerali hadi mlezi wa vijana

Baada ya kifungo Itote alipata mafunzo ya kijeshi nchini Israeli. Lakini hakuwa jenerali wa jeshi la Kenya huru. Mwaka 1964 Kenya ilianzisha National Youth Service, shirika la kuwakusanya vijana wasio na kazi, kuwapa nidhamu na kuwafundisha ufundi, kilimo na ujenzi wa barabara. Kwa sisi Watanzania, ni kama Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla yake, 1963. Itote alikuwa mmoja wa viongozi wa juu wa shirika hilo, na alilitumikia mpaka alipostaafu mwaka 1984.

Kazi hiyo ilimfaa. Yeye mwenyewe alikuwa amerudi Nairobi akiwa kijana mwenye nguvu, bila kazi na bila mtu wa kumpokea. Alijua vizuri nani humpokea kijana wa namna hiyo serikali isipompokea.

Mwaka 1967 alitoa kitabu cha maisha yake, Mau Mau General. Mwaka 1979 akatoa kingine, Mau Mau in Action. Wakati huo serikali ya Kenyatta ilikuwa inawataka wananchi wasahau yaliyopita, na wapiganaji wengi wa msituni walikuwa wanazeeka bila ardhi waliyoipigania. Itote alikuwa na kazi na jina. Wengi wa watu aliowaongoza hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Alifariki dunia mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 70 na ushee.

Sheria iliyochelewa

Jambo moja linashangaza. Sheria ya kikoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau haikufutwa siku ya uhuru. Iliendelea kuwepo katika vitabu vya sheria vya Kenya mpaka mwaka 2003, wakati wa Rais Mwai Kibaki. Kwa hiyo Waruhiu Itote, aliyekuwa kiongozi katika shirika la serikali kwa takriban miaka 20, alikufa huku sheria ya nchi yake ikiliita kundi lake la haramu. Mwaka 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi. Na mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati ule na kukubali kuwalipa fidia wazee zaidi ya 5,000. Itote alikuwa ameshakufa miaka 20.

Katika riwaya, askari aliyeharibikiwa huisha kwa kuuawa au kufungwa, na msomaji hufunga kitabu. Katika maisha ya China mambo hayakuwa hivyo. Mtu yuleyule, kwa ujuzi uleule, aliitwa askari mwaka 1944, mhalifu wa kunyongwa mwaka 1954, na mtumishi wa serikali mwaka 1964.

Na sisi tuna wetu. Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, wanajeshi na mgambo wetu walirudi vijijini, na wengi wao wangali hai. Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepigana Kagera, au kama babu yenu alikuwa keya na kuna anayekumbuka habari zake, kaa naye jioni moja. Habari za vitani atakusimulia bila shida. Wewe muulize pia siku ile aliporudi: alipokewa na nani, na kesho yake aliamka kufanya kazi gani.